Chuma husema kwa rangi, magnesiamu hunyamaza

Mwezi uliopita mpwa wangu alivunja usukani wa watu. Ni kijana wa miaka 23, ana karakana yake ndogo ya magari huku Kisauni, na mkono wake ni mzuri. Dereva mmoja wa teksi alimletea gari lililogongwa mbele. Injini ilikuwa nzima, lakini duara la usukani lilikuwa limepinda upande mmoja. Usukani mwingine ulikuwa bei, na dereva hakuwa nazo. Wakakubaliana uvuliwe ngozi, unyoshwe, urudishwe mahali pake.

Mpwa wangu akaubana kwenye jiliwa, akaweka kipande cha ubao juu yake ili nyundo isiuchubue, akagonga mara tatu taratibu. Ya nne ikalia "tak!" na mkono mmoja wa fremu ukaanguka chini. Haukupinda kwanza, haukutoa onyo. Jioni ile akanipigia simu.

"Mjomba, shikamoo. Nimekosea wapi? Nimegonga polepole, kimekatika kama biskuti. Na chenyewe ni chepesi, wadhani ni plastiki."

Nilimwambia ashukuru kwamba kimekatikia kwenye jiliwa lake, wala si mikononi mwa dereva akiwa juu ya daraja la Nyali na abiria nyuma. Dereva yeye hakushukuru, na ana haki yake. Mpwa wangu alinunua usukani mwingine kwa pesa alizokuwa ameweka za kodi ya karakana.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa mafundi wengine wa pwani ambao magari na mashine zinazoshushwa bandarini kwetu huishia mikononi mwao. Kosa la kijana halikuwa la mkono. Alitumia elimu ya chuma kwenye kitu ambacho si chuma.

Kitu chenyewe ni nini

Fremu za usukani za magari mengi ya leo humiminwa kwa magnesiamu iliyochanganywa na alumini kidogo. Mashine nyingi za kukatia miti zina mwili wa magnesiamu, na kompyuta kadhaa za mkononi zina ganda lake. Sababu ni uzito. Chukua kipande cha ukubwa wa pakiti ya maziwa ya lita moja. Kikiwa cha chuma kina uzito wa karibu kilo 7.8. Kikiwa cha alumini ni kilo 2.7. Kikiwa cha magnesiamu ni kilo 1.74 tu. Katika metali zinazotumika kujengea vitu vya kubeba mzigo, hakuna nyepesi kuishinda. Gari likipunguza uzito hupunguza mafuta, na ndege vivyo hivyo.

Basi kwa nini isitumike kila mahali? Kwa sababu ina ukaidi wake, na ukaidi huo uko ndani, katika jinsi chembe zake zilivyopangana.

Fikiria furushi la karata mezani. Ukizisukuma kwa ubavu, zateleza moja juu ya nyingine bila taabu. Ukijaribu kulifinya furushi kutoka juu, au kulivuta kwa unene wake, halikubali. Metali zote hupinda kwa namna hii: tabaka za chembe huteleza moja juu ya nyingine. Chuma na alumini zina tabaka za kuteleza pande nyingi, kwa hivyo ukipiga huku, zinapata njia ya kukimbilia. Magnesiamu ikiwa baridi ina upande mmoja tu ulio rahisi, kama zile karata. Ukiipiga kwa upande usiotaka, hujikunja kidogo kwa njia nyingine za dharura, kisha hupasuka. Ndiyo ile "tak" aliyoisikia mpwa wangu.

Moto unafungua njia

Dawa ya ukaidi huu ni joto. Magnesiamu ikifika karibu nyuzi 225 za selsiasi na kupanda, tabaka za pande nyingine nazo hulegea zikaanza kuteleza. Kitu kilichokuwa kikikatika kama biskuti sasa chafinyika, chavutika, chasukumwa kupitia tundu kikatoka mtaimbo mrefu. Ndiyo maana viwandani magnesiamu ngumu kupindika hufanyiwa kazi ikiwa moto, mara nyingi kati ya nyuzi 250 na 450.

Lakini hapa ndipo penye mtego, na hapa ndipo ninapomkumbuka babu yangu.

Babu alikuwa mhunzi. Alifua misumari ya majahazi na nanga ndogo za wavuvi. Hakuwa na kipimo cha joto maishani mwake, na hakukihitaji, kwa sababu chuma kilikuwa kikimwambia. Kikiwa chekundu cha kuiva kama komamanga, alikirudisha motoni. Kikifika rangi ya chungwa, alikitoa kwa koleo akakipiga juu ya fuawe. Kikianza kufifia, aliacha. "Chuma kinasema," alikuwa akituambia sisi watoto tuliokuwa tukivuta mivukuto. "Ukikisikiliza hakikuvunji mkono."

Magnesiamu haisemi. Joto lake la kufanyia kazi, nyuzi 250 hadi 450, liko chini ya joto ambalo metali yoyote huanza kung'aa. Kwa macho, kipande cha nyuzi 100 na kipande cha nyuzi 400 ni sawasawa, vyote vyeupe, vyote vimetulia. Ukingoja iwe nyekundu umechelewa, kwani huyeyuka kwenye nyuzi 650, na ikiyeyuka mbele ya hewa huweza kuwaka. Jicho la mhunzi, lile lililojenga majahazi yetu, hapa halina kazi.

Kwa sababu hiyo watu wa maabara wamekaa miaka mingi wakiipima metali hii na jamaa zake. Kazi yao ni kuiandikia magnesiamu zile rangi ambazo haina.

Kashata

Kuna jamaa mmoja wa magnesiamu aliye mkaidi zaidi, na ndiye anayetafutwa sana siku hizi. Anaitwa kompositi.

Magnesiamu pekee ina kasoro mbili kubwa. Hulika haraka ikisuguliwa, na hunesa: ukakamavu wake wa kukataa kupinda ni chini ya robo ya ule wa chuma. Ili kuiimarisha, huchanganywa na chembe ngumu sana, kwa mfano karbaidi ya silikoni. Jina lisikutishe. Wapaka rangi wa magari waijua: ndiyo ile vumbi nyeusi iliyogandishwa kwenye msasa wa maji. Chembe hizo husambazwa ndani ya magnesiamu, ama kwa kuikoroga ikiwa imeyeyuka chini ya gesi ya kuikinga na hewa, ama kwa kuchanganya unga na unga kisha kuushindilia kwa joto. Pia wapo watumiao chembe ndogo mno zisizoonekana hata kwa hadubini ya shuleni.

Kompositi ni kashata ya njugu. Sukari ni magnesiamu, njugu ni zile chembe ngumu. Kila mama aliyewahi kupika kashata ajua kanuni tatu. Ikiwa moto, yatandazika kwenye sinia. Ikipoa, haipindi, yavunjika. Na ukiitandaza kwa pupa ilhali imeanza kukaza, njugu zang'oka na kuacha mashimo. Kanuni hizi tatu ndizo zilizo kwenye kompositi za magnesiamu, ila tu mashimo yake hayaonekani kwa macho, na mtu huweza kuyaendesha barabarani bila kujua.

Joto na kasi

Nimesomea metali, na nimekaa siku nyingi mbele ya mashine ya kufinya. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unachonga kipande cha duara, kinene kama kidole na kifupi kuliko kidole. Unakipasha mpaka joto unalotaka, unakishikilia hapo mpaka joto lienee ndani, kisha unakifinya mpaka urefu ubaki nusu. Mashine inaandika ni nguvu kiasi gani inahitajika kila hatua. Ukimaliza unakitumbukiza majini kigande kilivyo, unakikata, unakisugua, unatazama ndani kwa hadubini.

Halafu unarudia. Nyuzi 250, 300, 350, 400. Na kila joto unalifanyia kwa kasi tofauti. Kwa kasi ndogo, kukifinya kipande nusu huchukua kama dakika 12. Kwa kasi kubwa huchukua chini ya sekunde moja. Kipande ni kile kile, joto ni lile lile, lakini matokeo ni mbali kama mchana na usiku.

Mwanzoni nguvu hupanda, kwa sababu ndani ya metali mikwaruzo ya chembe inasongamana, kama watu kwenye feri ya Likoni asubuhi. Hufika kilele. Kisha, kama joto latosha na kasi si ya pupa, nguvu hushuka na kutulia. Kushuka huko ndiyo habari njema. Maana yake ni kwamba ndani ya metali punje za zamani zilizochoka zinabadilishwa na punje mpya, ndogo, zisizo na mchoko. Metali inajirekebisha yenyewe huku ikifinywa. Na punje ndogo zikijaa, kitu kikipoa huwa imara zaidi kuliko kilivyoanza.

Zile chembe ngumu zina mkono wao katika haya. Zenyewe hazifinyiki, basi magnesiamu hulazimika kuzizunguka, na msongamano huwa mkubwa kandokando yake. Kwa chembe zilizo kubwa kuliko elfu moja ya milimita, msongamano huo huzalisha punje mpya mapema. Chembe ndogo zaidi hufanya kazi nyingine: huishika mipaka ya punje isisogee, ili punje mpya zisinenepe tena. Kwa hivyo chembe hizo huongeza kazi ya kufinya, lakini zikifinywa vizuri hulipa.

Zikifinywa vibaya, hudai. Joto likiwa dogo na kasi kubwa, magnesiamu haipati muda wa kuzizunguka. Hubanduka kwenye chembe na kuacha uwazi, au chembe yenyewe hupasuka. Chembe zikiwa zimerundikana mahali pamoja, kwa sababu ya kukorogwa vibaya, hali huwa mbaya zaidi. Pia kufinya kwa kasi huzaa joto lake mwenyewe mahali pamoja, na metali yote hutaka kupita kwenye ukanda ule mmoja laini mpaka uchanike.

Kuongeza moto bila hesabu nako si dawa. Chukua magnesiamu iitwayo AZ91, yenye alumini asilimia 9 hivi na zinki asilimia 1. Kwenye mipaka ya punje zake huweza kuwamo sehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 437, ilhali kipande kizima kingali kigumu. Ukipita hapo unapiga kitu ambacho gundi yake imeshakuwa maji. Kitasambaratika mbele yako bila hata kuwa chekundu.

Ramani ya mwamba

Mwaka 1944 wanasayansi wawili wa Marekani, Clarence Zener na John Hollomon, waliandika kanuni inayounganisha joto na kasi katika namba moja. Maana yake kwa lugha ya karakana ni hii: kwenda polepole ni kama kuongeza moto, na kwenda haraka ni kama kuupunguza. Huna uwezo wa kuongeza joto? Punguza kasi. Babu yangu hakuwahi kuwasikia watu hawa, lakini chuma kikianza kufifia alikuwa akigonga kwa upole zaidi kisha akiacha. Yeye alikuwa na kanuni mkononi, wao wakaiweka kwenye karatasi.

Mwaka 1984 mtaalamu wa India, Y.V.R.K. Prasad, na wenzake walipiga hatua nyingine. Walichora ramani. Upande mmoja joto, upande mwingine kasi, na ndani yake wakaonyesha wapi nguvu ya kufinya inakwenda kujenga punje mpya, na wapi inapotea na kuharibu metali. Leo mtu akitengeneza kompositi mpya ya magnesiamu, jambo mojawapo la mwanzo ni kuichorea ramani yake.

Nahodha yeyote wa hapa kwetu ataielewa ramani hiyo bila darasa. Mwamba umezunguka pwani yote, lakini kuna mlango. Anayeujua mlango hupita na mzigo wake salama. Asiyeujua, hata kama chombo ni kizuri na upepo ni mzuri, huacha mbao pale pale. Kwa kompositi nyingi za magnesiamu na karbaidi ya silikoni, mlango uko kwenye nyuzi 300 hadi 400 hivi na kasi ndogo. Lakini kila mchanganyiko una mlango wake. Ukibadilisha kiasi cha chembe, au ukubwa wake, umebadilisha mwamba.

Basi fundi afanye nini

Usukani wa mpwa wangu haukuwa kompositi. Ulikuwa magnesiamu ya kumiminwa. Lakini funzo ni moja, na nalisema wazi: kitu cha magnesiamu kilichopinda kwa ajali hakinyoshwi karakanani. Hakinyoshwi baridi, kwa sababu hupasuka, na mara nyingine ufa hubaki ndani mdogo kama unywele, ngozi ikarudishwa juu yake, mteja akaondoka akishukuru. Wala hakinyoshwi kwa moto wa gesi, kwa sababu hujui kiko nyuzi ngapi, na chenyewe hakitakwambia. Kibadilishwe. Ni ghali, lakini kuna vitu ambavyo rahisi yake ni ghali zaidi.

Utakijuaje? Kwanza sumaku: haishiki. Pili mkono: ni chepesi kuliko alumini ya ukubwa ule ule. Tatu siki ya jikoni. Kwaruza sehemu ndogo isiyoonekana mpaka metali ing'ae, udondoshe tone moja la siki. Alumini itakaa kimya. Magnesiamu itatoa mapovu pale pale.

Na moto. Kipande kinene hakiwaki upesi, lakini vumbi na nyuzi za kusaga au kukata huwaka kwa mwanga mweupe unaoumiza macho. Usimwage maji. Magnesiamu inayowaka huyapasua maji na kutoa haidrojeni, na moto huongezeka. Kizima moto cha gesi ya kaboni nacho hakifai, kwa sababu huwaka hata ndani ya gesi hiyo. Weka ndoo ya mchanga mkavu, mkavu kabisa, karibu na mashine ya kusaga, na usiache vumbi lirundikane chini.

Nani atawafundisha

Kuna jambo linalonikera. Maji ya bahari yetu yana magnesiamu kiasi cha kilo 1.3 hivi katika kila mita moja ya ujazo. Kule Gongoni na Marereni, chumvi ikishaganda kwenye mashamba, maji machungu yanayosalia yamejaa magnesiamu hiyo. Marekani walianza kuitoa baharini mwaka 1941, huko Freeport, Texas. Sisemi tujenge kiwanda kesho. Kazi ile hula umeme mwingi, na leo sehemu kubwa ya magnesiamu ya dunia hutoka Uchina. Lakini si haki kwamba metali iliyomo kwenye maji tunayoogelea ndiyo fundi wetu asiyoijua mpaka imvunjikie.

Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndiyo biashara yao kubwa. Elimu ya moto si ngeni kwetu. Kilichobadilika ni kwamba metali mpya hazisomeki kwa jicho, zataka kipimo. Na kipimo si lazima kiwe mashine ya mamilioni. Zipo kalamu za kuchorea ambazo alama yake huyeyuka joto likifika nyuzi zilizoandikwa juu yake. Chuo cha ufundi kikiwa na seti moja ya kalamu hizo na kipande cha alumini, mwalimu anaweza kumwonyesha kijana kwa asubuhi moja kwamba kuna moto usio na rangi. Kijana akishaliona hilo, hatalisahau.

Juzi nilipita Kisauni. Juu ya jiliwa la mpwa wangu kuna rafu, na kwenye rafu kuna chupa ya siki. Chini kuna ndoo ya mchanga yenye kifuniko. Usukani uliovunjika ameuning'iniza karibu na mlango, mkono wake uliokatika umefungwa kwa waya pembeni. Nilipoingia alikuwa na mteja, mzee mmoja aliyeleta mashine ya kukatia miti iliyopasuka ganda.

"Mzee, hii sitaigonga," nilimsikia akimwambia. "Ngoja nikuonyeshe kwa nini." Akanyoosha mkono kuchukua siki.